Mpira Umepasuka: Nani Alaumiwe?

Katika bonde la Ruzizi, kwenye njia itokayo Uvira kwenda Bukavu, gari la mkristu mmoja wa parokia yetu lilipasuka mpira wa nyuma ghafula, saa nane ya mchana. Walikuwamo watu 14, na magunia ya muhogo juu yao. Shoferi alishika usukani imara, hakukanyaga breki kwa nguvu, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Hakuna aliyeumia. Lakini jioni ile ile jina la mama mzee mmoja, aliyenyimwa nafasi garini asubuhi, lilikuwa limekwisha kupita nyumba hata nyumba. Walisema ndiye aliyeuroga mpira.

Nikauliza: mpira wenyewe uko wapi? Ulikuwa umetupwa nyuma ya jiko. Tukautoa penye nuru, tukautazama ndani.

Kama ni jiwe au shimo, jeraha huwa mahali pamoja: nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi kwa umbo la msalaba, na kwingine kote ni kuzima. Kama ni msumari, tundu lake laonekana. Kama ni uzee, nyufa ndogo nyingi huenea ubavuni. Mipira iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 ina tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Wanunuao mipira iliyokwisha kutumika Ulaya wazisome kabla ya kutoa fedha, kwa maana rangi nyeusi ya kupaka yadanganya.

Mpira wetu haukuwa na dalili hizo. Ndani yake mlikuwa na unga mweusi, na mstari uliosagika ulizunguka ubavu mzima. Ndiyo alama ya upepo haba. Ubavu hukunjwa na kukunjuka kila gurudumu lizungukapo, hupata moto, nyuzi zaachana na mpira, mwisho wapasuka. Mzigo na joto la bonde huharakisha. Kweli, gari likiendeshwa mbali juu ya mpira uliokwisha toka upepo, alama hizo hizo hutokea. Lakini shoferi huyu alisimama upesi. Tena alikiri kwamba gurudumu lile lilitaka kujazwa kila siku ya tatu, na siku ile mwenye gari alikuwa na haraka. Tulipoipinda valvu, shina lake lilikuwa na ufa.

Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, mipira ikiwa baridi. Ikipata moto kipimo hupanda. Asiwepo mtu wa kuupunguza njiani akidhani umezidi, maana mipira ikipoa utakuwa haba.

Mwenye gari alinyamaza kitambo. Kisha akachukua kofia yake, akaenda kwa yule mama kabla ya usiku kuingia.