Hata Boda wa Kanduyi Ana Mwenyekiti, Rubani wa Chopa Je?

Wasee wa Bungoma, mnakumbuka Mei 2016? Mwili wa mfanyabiashara Jacob Juma umeletwa Posta Grounds, chopa inapaa, na jamaa mmoja amening'inia kwenye vyuma vya chini. Mtandao ukambatiza James Bond wa Bungoma na mpaka leo ile vidio bado inazunguka. Sasa niulize: rubani alikuwa nani? Alikuwa anawaza nini, umati umezunguka mkia wa chopa, halafu kuna uzito huko chini ambao hakuupigia hesabu? Hata hatukuuliza.

Mei 2024 ikawa vilevile. Rais Ruto akaenda Marekani na jeti ya kukodi ya Royal Jet kutoka Abu Dhabi, tukabishana bei wiki nzima. Kila mtu alikuwa mtaalamu wa jeti. Waliokuwa kwenye usukani, mimi sikuona akitajwa hata mmoja.

Kwa hivyo nikisema marubani wa chopa na ndege za kukodi wanafaa kuwa na chama chenye meno, najua komenti ya kwanza ni gani: "Hao si wako na doo?"

Hiyo komenti niliisoma pia Novemba 2022, marubani wa KQ walipogoma kupitia chama chao, KALPA. Ndege zililala, abiria wakakwama JKIA, korti ikawaamuru warudi kazini, na baada ya siku nne wakarudi. Watu waliwatukana kama wezi. Lakini walichokuwa wanadai ni michango ya akiba ya uzeeni ambayo kampuni ilikuwa imesimamisha, na mishahara iliyocheleweshwa tangu wakati wa Covid. Ukikatwa haki yako, haibadiliki kuwa ndogo juu unalipwa vizuri. Na Katiba, kifungu cha 41, inasema kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama na kugoma. Haisemi kila mfanyakazi maskini.

Ila mimi pesa si shida yangu kubwa hapa. Shida yangu ni neno "hapana".

Fikiria hivi. Saa kumi jioni, mawingu yameshuka Mlima Elgon na upande wa Cherangani. Mheshimiwa bado anahutubia Kiminini na ameahidi watu wa Chwele atafika. Kisheria neno la mwisho ni la rubani. Akisema hatupai, hampai. Lakini kwa ukweli huyo mheshimiwa ndiye mteja, pengine ni rafiki wa mwenye chopa, na kesho kuna rubani mwingine Wilson anatafuta kazi. Rubani wa KQ akikataa kuruka kwa sababu ya usalama, ana chama na wakili nyuma yake. Huyu wa chopa anaweza kuwa na simu yake tu. Boda wa Kanduyi akionewa anaita mwenyekiti wa steji. Si ni vituko?

Na wale wadogo ndio wako pabaya zaidi. Familia imeuza shamba alipie shule ya urubani, ametoka na leseni na masaa kama mia mbili, na kampuni zinataka masaa mengi kuliko hayo. Huyo atakubali chochote ili apate kuruka. Naelewa hiyo njaa. Mimi niliacha chuo nikaingia kwa kamera, na hoteli moja Kitale ilinilipa vidio tatu kwa sahani ya kuku na "utajulikana". Tofauti ni kwamba nikichoka, ni vidio inatoka mbaya. Yeye akichoka, kuna watu nyuma.

Mtaniambia haiwezekani, hao wametawanyika. Hapo mko na pointi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamlazimu mwajiri kutambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Kampuni ikiwa na marubani watatu, zaidi ya nusu ni wawili, na bosi anajua watoto wao kwa majina. Nani atajitokeza kwanza? Wengine hata hawajaajiriwa, wanaitwa kwa safari. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 54, inaruhusu chama kitambuliwe na kundi la waajiri pamoja. Wenye ndege tayari wako na chama chao pale Wilson, Kenya Association of Air Operators. Mabosi wameungana, wafanyakazi ndio wanaambiwa kila mtu apambane na hali yake.

Kwingine hii kitu ipo. NetJets ya Marekani, ambayo ni mali ya Berkshire Hathaway ya Warren Buffett, inabeba matajiri tu, na marubani wake wana chama chao. 2015 walisimama na mabango Omaha, nje ya mkutano wa wenyehisa wa Buffett mwenyewe. Bado matajiri wanaruka.

Sisemi chama ni dawa ya kila kitu. Wazee wetu wa Nzoia Sugar walikuwa na chama na bado walikaa miaka na malimbikizo ya mishahara, mpaka kiwanda kikakodishwa 2025. Kwa hivyo marubani wasianze na mshahara. Waanze na karatasi moja inayosema: saa za kuruka kwa siku ni hizi, kupumzika ni hivi, na ukikataa safari kwa sababu ya hali ya hewa hufutwi.

Na waharakishe. Uchaguzi ni Agosti 2027, kampeni zitajaza chopa kutoka uwanja wa maonyesho wa Kitale mpaka Masinde Muliro Stadium pale Kanduyi, mikutano sita kwa siku. Hiyo karatasi inafaa kuwa imetiwa sahihi kabla chopa ya kwanza haijatua.