Chanjo ya majaribio: watuulize mbele ya sindano



Tarehe 3 mwezi wa ine 2020, Profesa Muyembe alisema Kinshasa kwamba Congo iko tayari kupokea majaribio ya chanjo ya korona. Siku mbili mbele yake, mganga mumoja na mtafiti mumoja wa Ufaransa walitaja Afrika kwenye televisheni, ju ya kujaribu BCG. Watu wakawaka. Profesa akaeleza kwamba Marekani na China ndio wataanza.

Ile hasira tuliielewa. Lakini hatuombi majaribio yafungwe. Dawa ya Ebola yenye kuitwa mAb114 ilitoka mu damu ya mtu mwenye alipona Kikwit 1995, na ilipimwa huku kwetu, Beni na Butembo. Damu ni yetu, miili ni yetu.

Woga nao uko na bei. Mwezi wa tatu 2021 tulipokea dozi 1,700,000 za AstraZeneca. 1,300,000 zikapelekwa inchi zingine mbele ziharibike.

SARS ilikuja 2002, MERS 2012, Covid 2019. Sasa watafiti wanatafuta chanjo moja ya kukinga korona za kila aina. Wakifika kwetu, tunaomba serikali iwaambie hivi: karatasi ya kukubali iandikwe mu Kiswahili chetu, na mwenye hajue kusoma asomewe. Iseme nani analipa, nani atatunza mwenye ataumia, dozi ngapi zitabakia Congo, kwa bei gani. Isainiwe mbele ya sindano ya kwanza, hapana nyuma.