Kabla Upake Hiyo Rangi, Uliza Faili Iko Wapi

Wasee wa Buru, Umo, Donholm na Komarock, kuna kazi huwa tunatumwa bila kuelezwa. Wazazi wakishaamua kuuza nyumba ya mtaa warudi ushago, kijana ndiye anapewa brashi na ndoo. "Paka hapo, mnunuzi anakuja Jumamosi." Unapaka tu. Huulizi kwa nini ukuta mmoja unapakwa mara tatu na mingine mara moja.

Mimi nimeshika hiyo brashi mwaka jana, kwa mjomba, na nasema wazi: rangi ya kuficha inakula pesa za familia.

Ukuta wenyewe ulikuwa kati ya choo na chumba cha kulala. Una unyevu tangu nikiwa primary. Tukakwangua ukungu, tukapaka krimu, ikang'aa. Jumamosi wakaja mtu na mkewe, vijana tu, na mzee mmoja fundi wa mabomba. Huyo mzee hakusifu rangi. Aligonga vigae na funguo, akaweka kiganja ukutani, kisha akauliza, "Hapa maji ya kaunti huja siku gani?" Jumanne. "Basi nitarudi Jumanne."

Mtu wa Eastlands anajua hiyo maana yake. Siku zingine tunaishi na tenki, paipu za ndani zimetulia, na nyumba inaweza kukudanganya. Jumanne akafungua mifereji yote, akaflashi choo mara mbili, akaketi kwa ngazi akanywa chai. Jioni rangi yetu ilikuwa imefura kama andazi.

Kurekebisha paipu ni kazi ya fundi siku mbili. Wale vijana walitaka bei ishuke laki tatu. Tulikasirika, lakini fikiria ukiwa upande wao: umeshapata kitu kimoja kimefichwa, utaamini wayaringi? Utaamini paa? Unaanza kukata bei ya vitu hata hujaviona. Na hao si matajiri, ni watu wameweka pesa sacco miaka na mikaka. Kesho ni mimi na wewe tunatafuta nyumba.

Halafu wakaomba hati. Manze, hapo ndipo tuliaibika.

Siku hizi, tangu Ardhisasa ianze 2021, mnunuzi wa Nairobi hangoji umwonyeshe karatasi, wakili wake anafanya upekuzi mtandaoni. Jina lililokuwa pale ni la babu, na babu alishafariki. Mjomba amelipa reti miaka yote, ameishi hapo, lakini kisheria hakuwa na nyumba ya kuuza. Lazima korti itoe barua za usimamizi wa mali na izithibitishe, na warithi wote wahusishwe, pamoja na anti aliyeolewa mbali ambaye watu walijifanya wamemsahau. Binti akiolewa hapotezi urithi. Na hata kama jina lingekuwa la mjomba, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mkewe, hiyo iko kwa sheria ya mali ya ndoa ya 2013.

Kuna pia vile vyumba vya nyuma. Buruburu ilijengwa kwa fezi tano kuanzia miaka ya 70, nyumba ya familia moja na kakiwanja. Saa hii karibu kila ploti imeongezwa kitu, duka mbele ama bedsita nyuma. Plani ilipitishwa? Mnunuzi akikopa benki, mthamini atakuja kulinganisha karatasi na kile kimesimama. Na uangalie miaka ya lisi: lisi ya miaka 99 iliyoanza 1975 inaisha 2074. Mnunuzi atahesabu, afadhali wewe uwe umehesabu kwanza.

Najua mtu ataniambia nyumba chafu haiuziki. Kweli. Osha, toa vyuma kuukuu kwa uwanja, badilisha balbu, zibua bomba la majitaka kabla mgeni ajue harufu ya mtaa wetu. Paka rangi pia, kama ukuta umekauka. Lakini ukitumwa kupaka mahali panatoa jasho, kataa kwa heshima. Mwambie mzee wako, "Daddy, tuite fundi kwanza, na hiyo hati iko kwa jina la nani?" Ataruka. Wengi hawajafungua hiyo faili tangu mazishi, na swali lenyewe linafanana na kugombania mali. Uliza tu, ukiwa umeshika hiyo brashi.

Kwa mjomba bado hatujauza. Wale vijana walienda zao. Kesi ya urithi imeingia kortini, anti amekubali kusaini, na ule ukuta tumeuacha wazi bila rangi tuone kama paipu mpya inashika. Nitajua Jumanne.