Jaribio Halifupishwi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema.

Masasi na Newala, vita vya mwaka 1914 hadi 1918 hukumbukwa kwa njaa na upagazi. Ipo habari moja ya vita hivyo isiyosimuliwa sana, nasi tumeona ina mazingatio kwa wazazi wa leo.

Mwaka 1917, majeshi ya Lettow-Vorbeck yaliposukumwa na Waingereza kuelekea uwanda wa juu wa Makonde, Ujerumani iliazimia kuyapelekea dawa na risasi kwa meli ya anga: puto la kiunzi cha chuma chepesi, lililojazwa haidrojeni, lenye urefu uliozidi mita 220. Ilikusudiwa itue Makonde isirudi tena, na kitambaa chake kishonwe mahema.

Meli ya kwanza, L57, haikuondoka hata kwao. Mwanzoni mwa Oktoba, nahodha Ludwig Bockholt aliirusha kwa majaribio ilhali hali ya hewa inatisha. Tufani ikaikuta kabla haijarejeshwa bandani, ikaangamia. Ya pili, L59, iliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba. Ilipofika Sudan ikaamriwa kurudi, kwani iliaminiwa kuwa Makonde imekwisha kupotea. Baada ya siku chache, Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma.

Vita vikaisha, lakini funzo halikushikwa. Agosti 1921, meli ya anga ya kijeshi R38 ilikatika vipande juu ya mto Humber, mjini Hull, Uingereza. Ilikuwa katika majaribio, na ndani yake walikuwamo Wamarekani waliojifunza kuiendesha ili waichukue kwao. Kati ya watu 49, walikufa 44. Uchunguzi ulionyesha kuwa nguvu za upepo juu ya kiunzi hazikukadiriwa ipasavyo. Na saa za majaribio zilikuwa zimepunguzwa, ingawa mtaalamu aliyeyasimamia alitaka nyingi zaidi.

Ndugu zetu, jaribio huwekwa ili kasoro ijitokeze mapema, hasara ingali ndogo. Mwenye kulifupisha haondoi kasoro. Anaiahirisha hadi siku ambayo watu wengi zaidi watakuwa wameipanda.

Tuyatazame sasa ya majumbani mwetu. Msimu wa korosho fedha huingia, na pikipiki hununuliwa. Kijana hufundishwa jioni moja kiwanjani. Kesho yake anateremka mlima wa Newala, nyuma yake mama na mtoto mgongoni. Baba akiulizwa husema, “Mungu atamlinda.” Kauli hiyo ni njema, lakini Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo ategemee. Kutegemea bila kufunga ni uzembe uliovishwa kanzu ya imani.

Basi, wazazi, kijana na ajifunze mpaka mwalimu wake aridhike, si mpaka mfuko wa baba uchoke kusubiri. Apate leseni na kofia ngumu. Aupande na kuushuka mlima akiwa peke yake, siku nyingi, mvua na jua. Abiria awe wa mwisho kupakiwa, kwani roho ya abiria ni amana, na amana huulizwa.

Allah awahifadhi vijana wetu, na atupe subira ya kuwafundisha. Amin.