Nondo Zifunguke kutoka Ndani: Wito kwa Wakazi wa Mijini

Katika miji ya Afrika Mashariki, nyumba haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka madirisha yake yatiwe nondo, yaani vyuma vilivyochomelewa kwenye fremu ili mwizi asipite. Hata anayejenga kidogo kidogo, ambaye bado hajapiga lipu wala kuweka dari, hutanguliza nondo kabla ya kuhamia. Tahadhari hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba nondo nyingi huchomelewa moja kwa moja, bila bawaba wala komeo, hivi kwamba dirisha linalomzuia mwizi kuingia ndilo linalomzuia mwenyeji kutoka pindi moto unapoziba mlango. Kwa sababu hiyo wenye nyumba, wapangaji, mafundi wa kuchomelea na viongozi wa mitaa wanaombwa washirikiane ili kila chumba cha kulala kipate angalau dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kutoka ndani.

Gharama ya kulipuuza jambo hili inajulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Miaka mitatu kabla ya hapo, wasichana 26 walikuwa wamekufa Bombolulu, katika Pwani ya Kenya, ndani ya bweni lililofungwa vivyo hivyo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo mwaka 2008 uliagiza kwamba madirisha ya mabweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa bweni wanaporudi nyumbani likizo hulala katika vyumba ambavyo nondo zake hazifunguki hata kidogo.

Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba nondo zinazofunguka ni udhaifu ambao mwizi atautumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau jinsi nondo zinavyovunjwa. Mwizi huweza kuingiza jeki ya gari katikati ya vyuma viwili na kuvitanua mpaka kichwa kipite, au kung'oa fremu iliyoshikizwa ukutani kwa skrubu zinazofikika kwa nje, au kuvunja viungo ambavyo fundi aliviunganisha kwa nukta chache za welding badala ya kuvichomelea pande zote. Nondo zisizofunguka hazina kinga dhidi ya hayo. Kinachozuia mwizi ni chuma kinene, mapengo membamba, na fremu yenye miguu iliyozamishwa ndani ya zege. Fundi akishayatimiza hayo, anaweza kukata sehemu ya kati na kuitengeneza kama kijimlango chenye bawaba zilizofichwa ndani na komeo lililofunikwa kwa kisanduku cha bati nene, ili mkono au fimbo yenye ndoano inayopenyezwa kutoka nje isilifikie.

Kanuni za ujenzi wa makazi zinazofuatwa sehemu kubwa ya Marekani hutoa kipimo kinachofaa kuigwa. Kwa vyumba vya kulala na vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo dirisha lake dogo lililo karibu na udongo humvutia mwizi na pia huwa njia pekee ya kutoka ngazi ikishika moto, kanuni hizo hutaka uwazi usiopungua upana wa sentimita 51 na kimo cha sentimita 61, ukingo wa chini usiozidi sentimita 112 kutoka sakafuni, na nondo zinazofunguka kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa. Sharti la kutohitaji ufunguo ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa moshi hujaza chumba kwa dakika chache na mtu aliyeshtuka usingizini hawezi kutafuta ufunguo gizani.

Kazi hii ni ya jumuiya kwa sababu mpangaji hana idhini ya kukata dirisha la mwenye nyumba, na fundi hutengeneza kile anachoagizwa. Nyumba kumi zikiagiza kwa pamoja, fundi hutumia kipimo kimoja na kusafirisha mashine yake mara moja, na bei hujadilika. Wenyeviti wa mitaa wanaoitisha vikao vya ulinzi shirikishi, yaani ulinzi unaofanywa na wakazi wenyewe kwa zamu, waliingize suala hili katika ajenda, na nchini Tanzania wawaalike maofisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo namba yake ya dharura ni 114, waje waonyeshe namna ya kutoka.

Na kabla ya kikao hicho, kila mzazi azime taa usiku mmoja, amwambie mtoto wake mkubwa afungue dirisha la chumba anacholala, na ahesabu muda anaotumia.