Bijombo: pesa za umeme safi zianzie wapi?

Programu ya maendeleo ya teritware 145, ambayo serkali ya Kongo iliipangia zaidi ya dola bilioni 1,6, iliahidi shule, vituo vya afya, barabara na umeme wa jua vijijini. Kwa wakaaji wa Bijombo, kwenye nyanda za juu za Uvira, swali linabaki lile lile: pesa hizo zitumiwe namna gani ili taa iwake na iendelee kuwaka?

Mji wa Uvira unapata umeme wa mto Ruzizi. Kupandisha nyaya hadi Bijombo ni gharama kubwa: milima ni mikali, vijiji vimetawanyika, na vita vimewakimbiza watu mara nyingi. Njia ya karibu ni umeme mdogo wa pale pale: jua kwa kituo cha afya, maji ya mito ya milimani kwa mashine ya kusaga.

Sheria inaruhusu. Ile ya tarehe 17 Juni 2014 ilimaliza ukiritimba wa SNEL, na shirika la ANSER likapewa kazi ya umeme wa vijijini. Tatizo ni namna ya kupanga matumizi. Bajeti inayolipa ujenzi peke yake huacha paneli zisizo na fundi. Betri ikichoka, giza linarudi. Afadhali sehemu ya malipo ya mjenzi izuiliwe mpaka umeme uwake mwaka mzima, na wenye mashine walipie matengenezo kidogo kidogo.

Mwaka 2009, Marekani ilipotenga takriban dola bilioni 90 kwa nishati safi ili kuinua uchumi, sehemu ilienda kwenye kazi za haraka kama kukarabati nyumba zisipoteze joto. Bijombo pia inahitaji kazi za haraka. Kijana anayelipwa kwa kuchimba mfereji ana sababu moja zaidi ya kutoshika bunduki.

Lakini mahali pa kujenga pana uzito wake. Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu na Bavira wanaishi huko, na mamlaka juu ya Bijombo yamekuwa chanzo cha ugomvi. Mashine ikiwekwa bila wote kukaa pamoja, umeme wenyewe utageuka ugomvi mpya. Kikao hicho kitangulie saruji.