Mtoto Asiyelala Si Mlozi

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa kambi,

Kuna mtoto anayechelewa kusema, anayeziba masikio akisikia makelele, anayelia mkibadilisha njia ya kwenda masomoni. Pengine ni otisme, na mtoto huzaliwa nayo. Mara nyingi woga humkamata, huzuni humwingia, usingizi humkimbia.

Majirani watasema ni ulozi. Mimi nakataa. Tangu 2009 sheria ya nchi yetu inamfunga yule anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Kumpiga au kumnyima chakula kunamzidishia woga tu.

Kinachomsaidia ni kula, kuoga na kulala saa zile zile kila siku. Jioni, chai na simu viwe mbali naye. Baba akibadilisha posti, amwonyeshe mapema kwa picha ukutani. Dawa ya usingizi msimnunulie wenyewe. Akiacha kucheza au kula, mleteni kwa munganga upesi.

Usiku, baba na mama mpokezane. Anayeshuka shimoni bila usingizi anahatarisha wenzake pia. Mwambie kapita wako mbele ya kushuka. Si haya.